Mto Si Mtaro

Kila Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, linapofurika na Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani, dawa inayotajwa ni ileile: leteni makatapila, chimbeni mchanga, nyoosheni mto, jengeni kuta za zege. Maji yakimbilie baharini, basi! Wengi huamini huko ndiko kuufufua mto. Huko ni kuugeuza mtaro.

Mchanga unaojaa chini ya daraja la Jangwani haukuzaliwa hapo. Unatoka juu, upande wa vilima vya Pugu, na kwenye kingo zilizolimwa na kujengwa hadi majini. Maji yakiteremka kwa kasi huubeba. Yakifika tambarare huishiwa nguvu, yakautua. Ukichimba leo bila kuzuia mmomonyoko kule juu, masika yajayo utachimba tena. Anayepona hapo ni mkandarasi.

Na mto haujipindi kwa uzembe. Kila kona hupunguza kasi. Ziondoe kona, maji yatachimba chini, yatakula kingo, na mafuriko utakuwa umemsukumia jirani wa bondeni. Mto ukipata nafasi ya kutanda, matete hunasa tope, sehemu ya maji huzama ardhini, na samaki hupata mazalia. Zege haliwezi hata moja kati ya hayo.

Wamarekani wameshalilipia somo hili. Kati ya 1962 na 1971 waliunyoosha mto Kissimmee, Florida: kilomita 166 za mapindo zikawa mfereji wa kilomita 90. Ardhi oevu ikakauka, ndege wa majini wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Baadaye wakaingia gharama ya kuufukia mfereji huohuo kwa kilomita 35 hivi ili mto urudi kwenye mapindo yake. Kazi hiyo ilikamilika 2021.

Sisemi katapila lisiguse mto. Taka zitolewe, na madaraja yalindwe. Lakini hayo ni huduma ya kwanza, si tiba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi kabla ya kukodi katapila jingine, wakubwa, pimeni mita hizo kuanzia Pugu hadi daraja la Salenda, mto unapoingia baharini. Wanaostahili fidia walipwe, kingo zipandwe miti ya asili, na mto uachiwe bonde lake.