Zizi la Ng'ombe Lina Taa, Nyumba ya Mfanyakazi Je?



Sisi tunaokaa Kyebando hatulali tukimwaza chui. Mnyama wa porini tunayeishi naye hapa ni kalooli, yule ndege mkubwa mwenye upara anayesimama juu ya jalala kama msimamizi wa zamu. Lakini katika vyumba vyetu vya kupanga wamo wenzetu wanaofanya kazi katika kambi za watalii huko mbugani: wapishi, madobi, watandika vitanda. Wakija likizo hukaa nasi jioni wakasimulia, na katika masimulizi yao tunasikia jambo ambalo kila mfanyakazi wa kiwanda na wa shamba analijua: hatari haigawanywi sawasawa.

Wanasema hivi. Giza likiingia, mgeni haruhusiwi kutoka hemani peke yake. Askari humsindikiza kwa tochi hadi mezani, na baada ya kula humrudisha. Hilo ni sawa, wala hatumwonei mgeni wivu. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na hufuata njia zake zile zile, kambi iwepo isiwepo. Ole wake atakayesimama kati yake na maji. Fisi huvutwa na harufu ya makombo ya jikoni. Chui huwinda gizani, kimya kimya. Lakini mpishi anayemaliza kuosha masufuria saa nne usiku, yeye anasindikizwa na nani? Wenzetu wanajibu: na mwanga wa simu yake, na sala zake.

Haya si maneno ya kutishana. Mei 2018, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, chui alimchukua mtoto wa miaka 3 kutoka makao ya wafanyakazi yasiyokuwa na ua. Mama yake alikuwa askari wa wanyamapori. Yeye aliajiriwa kuwalinda wanyama. Mwanawe hakuwa na hata ukuta wa miiba wa kumlinda.

Wako watakaosema, basi wanyama wauawe. Sisi hatusemi hivyo. Mwezi mmoja tu kabla ya msiba ule, Aprili 2018, simba 11 walikutwa wamekufa katika hifadhi hiyo hiyo, ikashukiwa kuwa walilishwa sumu. Nani alipata faida? Mtalii anasafiri kutoka mbali kuja kumwona simba. Simba akiisha, kambi itafungwa, na wa kwanza kuachishwa kazi ni dobi na mpishi, si mwenye mali. Simba ni mashine ya kiwanda kile. Hatuombi mashine ivunjwe; tunataka iwekewe kinga.

Tutazame sheria nazo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu mfanyakazi aliyeumia kazini kwa sababu ya kazi yake; akifa, wategemezi wake hulipwa mapato ya miezi 60. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka fidia kwa watu wanaouawa au kujeruhiwa na baadhi ya wanyama, lakini inazungumzia madhara yaliyotokea nje ya hifadhi. Sasa, mtoto wa mfanyakazi anayelala ndani ya hifadhi yuko wapi? Hayuko kazini, wala hayuko nje ya hifadhi. Ameangukia katikati ya sheria mbili, na huko katikati ndiko chui anakopita.

Tutaambiwa hakuna fedha. Ndugu zetu, sikilizeni habari ya Richard Turere, kijana Mmaasai wa Kitengela, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wakila ng'ombe wa baba yake. Akiwa bado mvulana, alizungusha balbu za tochi kwenye zizi, akaziunganisha na betri kuukuu ya gari, paneli ya jua na indiketa ya pikipiki, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu usiku kucha. Simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi, wakakaa mbali. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Ikiwa mtoto wa mfugaji aliweza kuliwekea zizi taa kwa vyuma chakavu, mwenye kambi anayelipwa kwa dola anashindwa nini?

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, kila makao ya wafanyakazi mbugani yawe na ua na taa, na choo kiwe ndani ya ua. Pili, anayetoka kazini usiku asindikizwe kama mgeni anavyosindikizwa. Tatu, makombo na takataka zifungiwe, zisiwaalike fisi. Nne, fidia iwahusu na watoto na wenzi wanaoishi na mfanyakazi katika nyumba za mwajiri.

Wewe wa kiwandani utauliza, ya chui yananihusu nini? Chui wako ni mkanda wa mashine usio na kifuniko. Chui wa mchuma chai ni nyoka aliyejificha chini ya majani, naye mchumaji hana viatu vya mpira. Mnyama ni tofauti, mwajiri anayebana senti ni yule yule.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini makao makuu ya Shirika la Wanyamapori yako Kamwokya, na kutoka Kyebando hadi Kamwokya ni mwendo wa miguu. Tuandike madai yetu, tuyatie sahihi matawi yote, kisha twende tukayakabidhi wenyewe, mchana kweupe.