Waandishi, mtatusomea lini huku Mayoni?

Niambie ukweli. Mara ya mwisho kumsikia mwandishi akisoma kitabu chake ilikuwa lini? Namaanisha mwandishi mwenyewe, amesimama mbele yako, anasoma kurasa alizoandika kwa mkono wake. Kama unaishi Nairobi, huenda utataja usiku fulani pale Alliance Française au Goethe. Kama unaishi Mayoni kama mimi, huna la kutaja.

Mwaka jana nilipanda basi la usiku kutoka Mumias kwenda kuwasikiliza waandishi wanne wenye majina makubwa jijini. Nauli na kiingilio vilikula pesa zangu za wiki mbili. Sijuti, lakini kuna kitu kilinikera. Watatu walisoma kwa Kiingereza, na watu wakatikisa vichwa polepole, unajua vile mtu hutikisa kichwa akitaka aonekane ameelewa. Wa Kiswahili aliwekwa mwisho, wakati watu washaanza kuita teksi kwa simu. Akasoma kisa cha mzee aliyeuza ng'ombe wa mahari mara mbili. Waliocheka kwanza ni masoja wawili wa mlangoni. Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Hao ndio walikuwa wasomaji wake wa kweli usiku ule, na walikuwa kazini.

Sasa njoo huku. Pale stegi ya boda kuna jamaa aliyemaliza Fomu Foo kitambo, na mpaka leo kila kiongozi mkorofi anamwita Mtemi Nasaba Bora, kutoka Kidagaa Kimemwozea. Muulize amesoma riwaya gani baada ya hiyo. Atacheka tu. Ken Walibora aliyeiandika alikuwa mzaliwa wa Bungoma, hapo mbele tu ukifuata barabara hii yetu. Alifariki Aprili 2020. Jamaa yangu alimwona kwa runinga akisoma habari, lakini hakuwahi kumsikia akisoma hata ukurasa mmoja wa riwaya ile aliyoikariri.

Tusidanganyane, waandishi huja mashinani. Wanakuja shuleni, kuwapa watahiniwa maudhui, mbinu za lugha na "eleza muktadha wa dondoo hili". Sawa, mtihani ni mtihani. Lakini ukishatoka kwa geti la shule, nani anakutafuta? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na fasihi nayo ikaniacha siku hiyo hiyo. Hakuna mwandishi anayemwandalia jioni mtu asiye na mtihani.

Najua kuna atakayesema watu wa kijijini hawawezi kuketi kimya wasikilize. Manze, wachana na hiyo. Majirani wetu Wabukusu wana khuswala kumuse: mzee mmoja, baada ya mazishi ya mtu mzito, anatembea huku na huku mbele ya umati akisimulia historia ya ukoo, akikanya, akitania. Saa nzima na zaidi, watu wametulia tuli. Mwandishi wa Nairobi anapata wapi hadhira kama hiyo?

Na si lazima mambo yote yafanyike mji mkuu. Kisii wana tamasha lao la mashairi, Kistrech, na washairi wa nchi za nje hufunga safari hadi huko.

Sisi hatuombi tamasha. Tunaomba waandishi wawili, jioni moja, na watusomee kwa Kiswahili. Ukumbi hatuna, ila viti vya plastiki vya kukodi viko, na spika pia ziko, zile za disko matanga tunazoambiwa kila mara zimepigwa marufuku. Chai tutapika. Msije Ijumaa, hizo spika huwa kwa matanga, na Jumamosi kila mtu yuko mazishini. Njooni Alhamisi, saa kumi na mbili, boda wakianza kupumzika. Na mbaki kulala, kwa sababu watu watakuwa na maswali.