Mashine ikishika usukani, jicho lisilale

Shule zinapofungwa mwisho wa mwaka, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hufunga mizigo na kuelekea mashambani. Baadhi yao hushukia Chwele, katika Kaunti ya Bungoma, mji wenye soko kubwa uliojengeka chini ya Mlima Elgon, katikati ya mashamba ya mahindi na miwa. Na siku hizi si ajabu kukuta katika mizigo hiyo, kando ya mikate na majani ya chai ya nyanya, sanduku lenye ndege ndogo ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti.

Watoto wa mashambani si wageni wa mambo haya. Tangu zamani wamekuwa wakiunda ndege kwa mabua ya mahindi na kukimbia nazo kwenye vijia vya shamba. Lakini hii ya dukani ina mota, betri, rafadha ya kuivuta mbele na, juu ya yote hayo, kijisanduku cha kompyuta kinachoisaidia kusimama sawa hewani. Mzazi akisikia kwamba ndege itajirusha karibu yenyewe, huona amepata nafuu: mtoto hatakuwa na taabu ya kujifunza.

Hapo ndipo penye hoja yetu ya leo. Msaada wa mashine ni jambo jema, lakini anayeongoza ndege bila kujua mashine inamfanyia nini, siku itakapomwacha atakuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wala hili si suala la watoto na vitu vya kuchezea peke yake. Mwaka 2007 na mwaka 2019, ndege mbili za abiria zilizokuwa zikija Nairobi ziliangamia, na katika zote mbili palikuwa na swali moja zito: ni nani ameshika ndege, mtu au mashine?

BAISKELI YENYE MAGUNIA

Tuanze na misingi. Ndege ya kawaida ina vibao vya aina tatu vya kuiongoza. Vibao vya ncha za mabawa huilaza upande wa kushoto au wa kulia. Kibao cha mkiani kilicholala huinua au kushusha pua. Kile cha mkiani kilichosimama hufanya kazi kama usukani wa mashua. Katika ndege ndogo, kila kibao husukumwa na kijimota kiitwacho sevo, kinachotii vijiti vya rimoti.

Sasa mfikirie mtu anayesukuma baiskeli kwenda sokoni Chwele, gunia moja kushoto, jingine kulia. Gunia la kulia likiwa zito kidogo, baiskeli itavuta kulia njia nzima. Atafika, lakini mkono utamuuma kwa kushindana nayo. Ana njia mbili za kujiponya: kuendelea kushindana, au kusimama na kusawazisha magunia.

Ndege nayo ni vivyo hivyo. Bawa moja likipinda kidogo tu, au mkia ukiwa mzito kupita kiasi, ndege hukataa kwenda moja kwa moja. Ndiyo sababu kando ya kila kijiti cha rimoti kuna kitufe kidogo ambacho mafundi hukiita trimu. Kazi yake ni kuhamisha kibao kidogo tu, kikae hapo, ili ndege isimame sawa hata mwongozaji anapoachilia vijiti.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Kwanza, kabla ya kuwasha chochote, angalia kitovu cha uzito. Iweke ndege juu ya vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipoonyeshwa katika maelezo ya mtengenezaji. Aghalabu ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Isiangukie pua wala mkia. Mkia ukiwa mzito, hakuna trimu itakayoiponya. Songeza betri mbele kwanza.

Pili, hakikisha vibao vyote vimenyooka vijiti vikiwa katikati. Tatu, irushe na uipandishe hadi kimo cha usalama, punguza mota hadi kama nusu, kisha uachilie vijiti kwa sekunde moja au mbili. Ikilalia kushoto, bonyeza trimu ya kulia mara moja, uangalie tena. Ikiinua pua, bonyeza ya kushusha. Usifanye pupa, mwenda pole hajikwai. Nne, ukishatua, tazama kibao kimehama kiasi gani, ukaze au ulegeze waya wa sevo ili trimu irudi katikati. Hapo utakuwa umesawazisha magunia.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba trimu hufaa kwa mwendo mmoja. Ukiongeza mota, hewa inayopita juu ya mabawa huongezeka, na ndege iliyokuwa imetulia huanza kuinua pua. Hiyo si hitilafu, ni maumbile ya hewa.

MKONO WA MASHINE

Wazo la kuiachia mashine usukani si geni. Mnamo Juni 1914, Mmarekani Lawrence Sperry alipita juu ya mto Seine karibu na Paris akiwa ameinua mikono yote miwili hewani, huku fundi wake, Emil Cachin, akitembea juu ya bawa. Watazamaji walishangaa kuona ndege haipinduki. Siri ilikuwa jairoskopu, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi na ambalo hukataa kugeuzwa. Ndege ilipoinama, chombo hicho kilitambua mara moja na kuvisukuma vibao kuirudisha. Naam, huyo ndiye babu wa rubani wa mashine aliyeko katika ndege za abiria hii leo.

Kijisanduku kilicho katika ndege ya mtoto hufanya kazi hiyo hiyo kwa kipande cha kompyuta kidogo kuliko ukucha. Za bei ya juu zaidi husoma pia mawimbi ya setilaiti na kurudi nyumbani zenyewe mawasiliano yakikatika. Wala si mchezo mtupu. Tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali za Rwanda, na nchini mwetu kampuni hiyo ilifungua kituo Chemelil, Kaunti ya Kisumu. Ndege hizo zina mabawa kama ya ndege ya kawaida, hurushwa kwa manati, huongozwa na kompyuta njia nzima na kudondosha mzigo kwa mwavuli. Kijana anayejifunza kusawazisha ndege ndogo anagusa elimu iyo hiyo.

Lakini hapa pana mtego. Mashine haiondoi kasoro, huificha. Ndege inayovuta kulia, ukiiwashia kijisanduku itaonekana imenyooka kama mshale, kwa kuwa mashine inashindana nayo kila nukta bila kuchoka na bila kulalamika. Siku kijisanduku kitakapozimika, kasoro yote hurudi kwa ghafla mikononi mwa mtu asiyeitazamia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hivyo basi, sawazisha ndege mashine ikiwa imezimwa, ndipo uiwashe.

USIKU WA DOUALA

Tarehe 5 Mei 2007, dakika chache baada ya saa sita ya usiku, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800, safari nambari 507, iliondoka Douala, Kamerun, ikija Nairobi. Ulikuwa usiku wa giza na mvua. Ndani yake mlikuwa na watu 114.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Kamerun mwaka 2010 ilieleza kwamba ndege hiyo ilikuwa na mwelekeo mdogo wa kulalia kulia, na mwanzoni rubani aliirekebisha kwa mkono. Kisha akatamka amri ya kuikabidhi ndege kwa rubani wa mashine. Mashine haikushika kazi, na hakuna aliyetambua. Kwa karibu dakika moja hakuna mkono ulioongoza, na ndege ikazidi kulala polepole, polepole mno hata mwili wa binadamu usihisi. Nje hapakuwa na taa wala upeo wa macho wa kuwaonya. Mlio wa onyo ulipotoka, ndege ilikuwa imeinama zaidi ya nyuzi 30, na marekebisho yaliyofanywa kwa mshtuko yakaongeza balaa. Iliangukia kwenye kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Hakunusurika mtu.

ASUBUHI YA ADDIS ABABA

Tarehe 10 Machi 2019 mambo yalikuwa kinyume: mashine ilishika wakati isipotakiwa. Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8, safari nambari 302, iliondoka Addis Ababa saa mbili na dakika 38 asubuhi kuja Nairobi. Aina hiyo ilikuwa na programu iliyoitwa MCAS, ambayo kazi yake ilikuwa kuisukuma trimu ya mkia ili kushusha pua endapo ndege itainuka kupita kiasi. Kipimo kimoja cha upande wa kushoto kikatoa habari za uongo kwamba pua imeinuka mno. Programu ikaamini, ikashusha pua tena na tena.

Marubani walizima umeme wa trimu, kama walivyoelekezwa, lakini kwa mwendo wa kasi waliokuwa nao, gurudumu la kurekebisha kwa mkono halikugeuka. Dakika sita baada ya kupaa, ndege ilianguka karibu na Bishoftu. Walikufa watu wote 157, na kati yao 32 walikuwa Wakenya, idadi kubwa kuliko ya taifa lolote jingine. Miezi michache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia kwa chanzo kinachofanana na kuua watu 189. Baada ya ajali ya pili, aina hiyo ilizuiwa kuruka ulimwenguni kote hadi mwishoni mwa mwaka 2020, programu ilipokuwa imerekebishwa.

Ajali hizi hazituambii kwamba mashine ni adui. Zinatuambia kwamba mtu na mashine wanaposhika usukani mmoja, ni lazima kila mara ijulikane ni nani ameushika, na mashine inaamini nini.

UWANJANI CHWELE

Sasa turudi kwa kijana wetu na sanduku lake. Akifika mashambani, mambo machache yatamfaa.

Kabla ya kila safari, awashe kijisanduku na kuinamisha ndege kwa mkono ikiwa ingali chini. Ikilazwa kulia, kibao cha bawa la kulia kinapaswa kushuka ili kuliinua bawa hilo. Kikipanda, mashine imefungwa kinyume: badala ya kuinyoosha ndege itaipindua, nayo itaamini inasaidia. Zoezi hilo huchukua nusu dakika. Vilevile, ajue kwa kidole, bila kutazama, mahali palipo na swichi ya kuzima msaada, na azoee kuitumia angali juu.

Akumbuke pia kwamba anga la huku juu si la Mombasa. Uwanja wa ndege wa Kitale uko kimo cha karibu mita 1,850, na hapo hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kati ya sita kuliko ufuoni. Ndege huhitaji kwenda kwa kasi zaidi, kama asilimia 10, ili ibebwe na hewa hiyo, na rafadha huivuta kwa nguvu hafifu zaidi. Chwele iko chini kidogo kuliko Kitale, lakini hali ni ya jamii hiyo. Basi trimu iliyokuwa sawa ufuoni huenda isifae huku.

Arushe asubuhi, hewa ikiwa imetulia, kabla ya mawingu ya mlima kujikusanya mchana. Atafute uwanja wa wazi mbali na nyaya za stima, barabara na soko. Ndege ya kilo moja ikiwa mbioni yaweza kumjeruhi mtu vibaya. Betri zisichajiwe bila mtu kuzitazama. Nawe mzazi, kabla ya kununua au kuagiza kutoka nje, ulizia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, kwani kanuni za mwaka 2020 zinahusu vyombo vinavyoruka bila rubani, na si kila kinachoitwa cha kuchezea kinahesabiwa hivyo.

Mwisho, usimnyime mtoto taabu ya kujifunza. Mwache aone ndege ikivuta upande, ajiulize kwa nini, arekebishe kidogo kidogo mpaka iachilie mkono wake na kusimama yenyewe hewani. Mtoto aliyepitia hayo, hata mashine ikimsaidia, jicho lake litabaki macho. Pengine ndiye atakayeketi kesho katika chumba cha marubani, au katika karakana ya mafundi, na maisha ya wengi yakiwa mikononi mwake.

Usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tulio mijini, tunaopanda ndege na kusinzia, tuwatakie walio mbele macho ya namna hiyo.

Tukutane Jumapili ijayo.