Umeme wa kompyuta upimwe, usikadiriwe kwa macho

MITWABA – Mchimbaji wa kasiteriti hakubali mfuko wake ulipwe kwa kutazamwa. Anadai mizani, na akiona mizani imechezewa anapiga kelele. Lakini mtu huyohuyo akienda kuandikisha barua, akaambiwa aongeze franka za "esanse ya kompyuta", analipa bei iliyotoka kichwani mwa mwenye jenereta na kunyamaza. Kwa nini mawe yapimwe na umeme usipimwe?

Jibu ni lilelile kila mara: kompyuta ya mezani inakula sana, tazama nyuma, imeandikwa wati 450. Jibu hilo si la haki. Namba ile ni ya kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Inaonyesha kiasi cha juu ambacho kisanduku kinaweza kutoa, si kiasi kinachotumika. Lori lililoandikwa tani 10 mlangoni halina maana limebeba tani 10.

Wengine wanakimbilia namba ya prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote. Core i5-6500, ambayo Intel iliitoa mwaka 2015, imeandikiwa wati 65. Hiyo nayo si mita. Inaeleza joto ambalo feni inapaswa kuliondoa chipu ikiwa na kazi nzito. Prosesa inayongoja mtu abonyeze herufi hutumia wati chache tu. Na ziko zinazopita namba yao ya kwanza: Core i9-12900K ya mwaka 2021 imeandikiwa wati 125, lakini Intel yenyewe inasema inaweza kufika 241. Basi namba ya karatasi inaweza kumwonea mteja leo, na kesho ikammalizia bateri mwenye paneli.

Dawa ni kipima-wati, kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya prizi na kompyuta. Skrini ichomekwe pembeni. Kompyuta iachwe itulie, namba isomwe. Kisha ipewe kazi nzito ya hesabu kwa dakika 10, isomwe tena. Ikitoka wati 40 ikafika 100, sehemu kubwa ya zile 60 zilizoongezeka ni ya prosesa, ingawa kiasi fulani hupotea kama joto ndani ya kisanduku. Anayetumia bateri asome ampea kwenye waya wake, azizidishe kwa volti: ampea 5 kwa volti 12 ni wati 60.

Sasa hesabu ya mfukoni. Kompyuta ikitumia wati 60 kwa saa 5, imekula wati-saa 300. Anayelipisha kwa wati 450 anadai wati-saa 2,250. Ni zaidi ya mara 7.

Mwenye jenereta atasema mashine yake hunywa esanse hata mzigo ukiwa mdogo. Ni kweli, na ana haki ya kupata faida. Lakini esanse hiyo igawanywe kwa wote waliochomeka, simu, friji na redio, kila mmoja kwa wati zake. Asibebeshwe mtu wa kompyuta peke yake.

Familia iliyokimbia kijiji na kuacha shamba haina franka ya kutupa. Orodha ya majina, barua ya shule, cheti kilichopotea njiani: vyote hupita kwenye kompyuta hiyo. Kila franka inayotozwa kwa kukisia imetoka kwenye unga wa watoto.

Kipima-wati kimoja kinatosha soko zima. Kamati za wakimbizi wa ndani na za wazazi wa shule zidai kiwekwe mahali pa wazi, kila mtu asome mwenyewe. Mchuuzi mwaminifu hatapoteza kitu. Anayeogopa mizani anajua mfuko wake una nini.