Sahani Zao Twazijua, Chakula Chao Tukiulizie



Mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa maskani yake ni mtaa wa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, alinipigia simu juma moja kabla sijasafiri huko kwa darsa. Binti yake ni karani katika kampuni ya ujenzi ya Wachina. Mhasibu wa kampuni hiyo, mwanamke wa Kichina aliyemfundisha binti kazi kwa subira kubwa, aliwaalika mama na mwana katika mkahawa wa mjini unaopika chakula cha nyumbani kwao, jimbo la Sichuan. "Sheikh wangu," akasema mama, "nikikataa, mwanangu ataonekana amemdharau mtu aliyemshika mkono. Nikienda, nachelea kitakachoingia tumboni. Nifanyeje?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Tangu reli mpya ilipozinduliwa Mombasa mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, watoto wetu wengi wamefanya kazi bega kwa bega na Wachina, na penye kazi hapakosi mwaliko.

Kwanza tukumbuke kwamba watu wa Pwani hatukuanza jana kujuana na taifa hilo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Zheng He, mkuu wa merikebu zao zilizofika pwani yetu karne hiyo, alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu jimboni Yunnan. Mabakuli yao ya kauri yalipachikwa kwenye nguzo ya kaburi kule Mambrui, vigae vyake vimefukuliwa Gedi, na bibi zetu wa Lamu walizipanga sahani zao kwenye zidaka za nyumba. Sahani zilitangulia kwa miaka mia sita. Chakula ndicho kilichochelewa.

Pili, tusidhani kuwa China ina jiko moja. Watu wa Sichuan hupenda pilipili na mbegu ndogo inayotia ganzi ulimini. Watu wa Guangdong hupenda kupika kwa mvuke, ladha ya samaki ibaki ilivyo. Na kaskazini-magharibi, katika mji wa Lanzhou, tambi za ngano katika mchuzi wa ng'ombe zimepata sifa nchi nzima kwa mikono ya Waislamu wa kabila la Hui. Wao huzipima kwa rangi: mchuzi uwe safi, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani iwe ya kijani, tambi ziwe za manjano. Waislamu hao ni zaidi ya milioni 10, na migahawa yao huandikwa mlangoni neno qingzhen, ambalo maana yake ni safi na kweli. Anayeliona neno hilo anajua kuwa mwenye jiko anajinasibu na halali.

Lakini mkahawa alioalikwa mama yetu haukuwa wa namna hiyo, na hapa ndipo penye kuhitaji elimu. Nyama inayoliwa zaidi China ni ya nguruwe, hata katika lugha yao neno "nyama" likitajwa pekee, mara nyingi hiyo ndiyo inayokusudiwa. Mboga pia huweza kukaangwa kwa mafuta yake, au kutiwa mvinyo wa mchele ili kuondoa shombo. Maziwa ya soya yaliyogandishwa, wayaitayo tofu, mara nyingi hupikwa na nyama ya kusaga. Basi kusema "mimi sili nguruwe" hakutoshi. Muulize mwenyeji mambo manne: nyama imechinjwa na nani, mafuta ni ya mimea au ya mnyama, je, kuna mvinyo katika mchuzi, na je, karai limeoshwa kabla ya kupikia chakula chako. Ikiwa jibu kuhusu nyama halikutulizi, baki na samaki, mayai, mboga na wali.

Nilimwambia mama ayaulize hayo mapema, siku kabla ya mwaliko, wala si mbele ya sahani. Anayeuliza mapema humpa mwenyeji nafasi ya kumkirimu, na anayeuliza chakula kikiwa mezani humtia haya. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia ila chakula: alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha kimya.

Binti akayaeleza, na siku ilipofika nikafuatana nao. Mpishi alikuwa ameosha karai na kufungua chupa mpya ya mafuta ya mimea. Tuliletewa samaki wa kuchomwa kwa mvuke na tangawizi, kabichi ya pilipili, wali mweupe, na mayai yaliyovurugwa na nyanya. Mama alipoonja mayai yale akasema, "Haya ndiyo ya kwetu!" Mhasibu, binti alipomfasiria, akaeleza kuwa ndicho chakula cha kwanza ambacho mama yake alimfundisha kupika, na kwamba hajamuona mama yake kwa miaka miwili. Meza ikanyamaza kidogo. Mama akamsogezea bakuli la wali kama anavyomsogezea mwanawe.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari. Mtu wa Mombasa aliyehamia Rhonda anaijua njaa isiyoshibishwa na ugali: njaa ya mbaazi za nazi asubuhi, ya mahamri ya iliki. Huko Nakuru, mita zipatazo 1,850 juu ya bahari, maji huchemka kabla ya kufikia joto la kule Pwani, na wali huchelewa kuiva. Mwanamke hulazimika kujifunza upya jiko lake mwenyewe. Mwenye kuijua njaa hiyo asiicheke njaa ya mgeni mwenzake, wala asiwaruhusu watoto wake kukunja pua na kusema Wachina hula kila kitu. Huko ni kusengenya kaumu nzima.

Juma lililofuata mama alimwalika mhasibu nyumbani, akampikia wali wa nazi na kuku wa kupaka. Huo ndio mizani: mipaka ya dini ikalindwa bila kupunguzwa hata shibri moja, na haki ya aliyekukirimu ikalipwa. Halali haikuwekwa iwe ukuta baina yetu na watu. Ni mlango wenye kizingiti, na mwenye adabu hujua namna ya kukivuka.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na awarejeshe salama wote walio mbali na mama zao. Wallahu a'lam.