Ukristo na Shoka

Tangu Lynn White alipoandika makala yake katika jarida la Science mwaka 1967, wako wataalamu wasiochoka kukariri ya kuwa Ukristo ndio uliompa mwanadamu shoka. Wamesahau kwamba White mwenyewe alilaumu hasa Ukristo wa Magharibi. Laiti wangalikwenda Gondar Kusini, Ethiopia! Huko misitu ya asili imekwisha kufyekwa kwa ajili ya mashamba na malisho. Iliyosalia, kwa sehemu kubwa, imeyazunguka makanisa. Waumini wa Tewahedo huihesabu miti ile kuwa vazi la nyumba ya Mungu. Je, hao si Wakristo, ambao kanisa lao ni la tangu karne ya 4? Adui yao ni ng'ombe waingiao na kukanyaga miche. Ndiyo maana makasisi wengine, pamoja na waumini wao, wamekusanya mawe ya mashambani na kuizungushia misitu kuta.