Sindano Iliyotumika ni Amana



Wapenzi wasomaji, juma hili swali limetufikia kutoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Ekalakala, huko Masinga katika Kaunti ya Machakos, atueleza kuwa mama mkwe wake ana maradhi ya kisukari na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Sindano zilizotumika hutiwa katika mfuko wa taka, na mfuko hutupwa shimoni nyuma ya nyumba, mahali ambapo kuku huchakura na watoto huokota vitu vya kuchezea. Dada huyu akumbuka kwamba kwao Mombasa aliwaona wahudumu wakizunguka na makasha ya kukusanyia sindano za vijana waraibu wa unga. Auliza mambo mawili: afanyeje na sindano za mama yake? Na je, kuwapa waraibu sindano safi si kuwasaidia katika maovu?

Maswali haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini yamefungwa kwa uzi mmoja. Sindano ikishamtoka mtu mwilini haiwi mali yake tena ya kufanyia apendavyo. Ni amana mikononi mwake, kwa kuwa yaweza kumdhuru asiyehusika: mtoto, mfagiaji, au mama anayepekua jalala. Amana hairudi mpaka pawe na mahali pa kuirudisha, na mwenye nayo awe haogopi kuonekana nayo.

Tuanze na madhara yenyewe. Katika kila watu 100 wasio na kinga waliodungwa kwa sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, hadi 30 waweza kuambukizwa. Kwa homa ya ini aina ya C ni takriban 2 katika 100, na kwa virusi vya Ukimwi ni takriban 3 katika 1,000. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Kwa hiyo damu iliyokauka si ushahidi wa usalama, na macho hayawezi kutambua sindano ipi ina ugonjwa na ipi haina.

Sasa tutazame yanayofanyika Pwani. Kuanzia miaka ya 2012 na 2013 nchi yetu iliruhusu waraibu wanaojidunga wapewe sindano safi na kupokewa zilizotumika. Wakati huo, uchunguzi uliofanywa miongoni mwao ulionyesha kuwa karibu asilimia 18 walikuwa na virusi vya Ukimwi, hali kwa watu wazima wote nchini kiwango kilikuwa takriban asilimia 6. Miongoni mwa walioifanya kazi hii ni MEWA, jumuiya ya Waislamu ya elimu na ustawi iliyoko Mombasa, Reachout Centre Trust ya huko huko, na Omari Project ya Malindi.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mhudumu huenda maskani akiwa na sindano safi, pamba zenye spiriti, na kasha gumu la njano ambalo wauguzi huliita sefti boksi. Mraibu hutia sindano yake mwenyewe ndani ya kasha, bila kuirudishia kifuniko, bila kuipinda wala kuivunja, kwa sababu wengi hujichoma katika kufanya hayo. Zilizotapakaa chini huokotwa kwa koleo, si kwa vidole. Kasha likijaa robo tatu hufungwa, halifunguliwi tena, na hupelekwa hospitali kuchomwa katika tanuri lenye moto mkali. Hesabu huandikwa: zimetoka ngapi, zimerudi ngapi.

Hapo ndipo panapozuka swali la pili la dada yetu. Si yeye peke yake aliyeliuliza. Mpango huu ulipotangazwa, baadhi ya masheikh na wazee wa Pwani waliupinga waziwazi, na hofu yao ilikuwa ya watu wanaowapenda watoto wao. Ulevi ni haramu, na hapana anayetaka kuuhalalisha. Lakini mafakihi wetu wana kanuni mashuhuri, kwamba madhara mawili yakikutana na hapana njia ya kuyaepuka yote, huchukuliwa lililo jepesi ili kuzuia lililo zito. Sindano safi haikumtia kijana katika uraibu, wala kumnyima hakumtoi humo. Humfanya aazime ya mwenzake. Nchi nyingine za Waislamu zimepita njia hii kabla yetu: Iran tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Malaysia tangu 2006.

Tena mkono unaopokea sindano chafu ndio unaomshika kijana. Kwa mazungumzo yale ya kila juma hupimwa damu, hutibiwa majeraha, na siku moja huuliza habari za kuacha. Mwaka 2015 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Malindi. Dawa hiyo hunywewa kwa kikombe mbele ya mhudumu, na kijana anayeitumia kwa uaminifu hupata nafasi ya kuiweka sindano kando kabisa.

Lipo jambo linalovuruga kazi hii, nalo lafaa tulitafakari sote. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 yakataza pia kuwa na vifaa vya kutumia dawa hizo. Kijana anayetembea na sindano iliyotumika ili airudishe aweza kukamatwa kwa sindano hiyo hiyo. Akiwaona askari, au akizomewa na majirani, huitupa mchangani na kukimbia. Mara nyingi sindano unayoikuta kichochoroni imeachwa na mtu aliyeogopa. Kila tunapomfukuza mhudumu wa kasha mtaani kwetu, twaongeza sindano njiani kwa watoto wetu.

Aibu hiyo hiyo iko Ekalakala, ingawa hapana unga. Wagonjwa wengi wa kisukari huficha sindano zao ili wageni wasizione. Basi dada yetu, anza kwa kumwondolea mama aibu, kwa adabu anayostahili mzazi. Kisha fanya haya. Tafuta chupa ya plastiki nene yenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kama ya sabuni ya maji au ya dawa ya kufulia. Ya soda au ya maji haifai, kwa kuwa ni nyembamba na sindano huitoboa. Ya kioo huvunjika. Ibandike karatasi yenye maneno “sindano, usifungue”. Iweke juu, mbali na watoto, lakini karibu na mahali anapojidungia mama, ili sindano itoke mwilini na kuingia chupani bila safari. Ajidungaye mara mbili kwa siku hutoa sindano 60 kwa mwezi. Chupa ikifika robo tatu, ifunge na uipeleke kituo cha afya alikopewa dawa, umwombe muuguzi aitie pamoja na taka zao kali. Usiichome uani na usiitupe chooni: moto wa majani huyeyusha plastiki na kuiacha ncha.

Na mtoto akijichoma, Mungu apishe mbali, usimpige wala usimgombeze, maana atakayepigwa leo kesho ataficha. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilikamue wala usilinyonye. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa ikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, na hutumiwa siku 28. Chukua pia kadi ya kliniki ya mtoto: tangu mwaka 2001 watoto wetu huchanjwa homa ya ini B wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na daktari atataka kujua kama chanjo zilikamilika.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Juma hili, kila nyumba yenye mgonjwa wa sindano na itafute chupa yake. Na kila mtaa wenye maskani umpishe mhudumu wa kasha apite.

Wabillahi tawfiq.